Mwanafunzi wa programu aanze na Vim na Git, au aachwe kwanza aandike?

Kipanga_Tabata: Wadau, mdogo wangu ameanza kozi ya programu. Mpaka leo hajaandika hata ya kujumlisha namba, wanafundishwa Vim ya kuandikia kodi na Git ya kutunza kila toleo la kazi, basi. Jana kanaswa ndani ya Vim, hajui pa kutokea, kaishia kuzima laptopu. Hii ni elimu au mateso? Waanze na Notepad ya Windows, Git wataikuta kazini.

Bwana_Esc: Kubonyeza Esc halafu kuandika :q! ndiko kumemshinda? Mtafutie bodaboda.

BodaMsomi: Bwana_Esc, mimi ni boda mchana, usiku naandika Python. Git nimejifunzia kwenye simu, ndani ya Termux, app ya kuandikia amri, kwa bando langu mwenyewe. Bodaboda imekukosea nini?

Bwana_Esc: Utani tu mkuu, punguza hasira, kuna abiria anasubiri.

Mama_Seva: Mnachanganya mambo mawili. Edita, yaani programu ya kuandikia kama Vim, kila mtu na ladha yake. Git siyo ladha. Fungueni folda zenu: mradi_mwisho, mradi_mwisho2, mradi_mwisho_kweli. Git inakutunzia matoleo yote hayo ndani ya folda moja. Mwanzoni zinamtosha amri nne: git init ya kuanza, git add ya kuchagua mabadiliko, git commit ya kuyahifadhi na git log ya kuona historia; matawi, yaani kufanya kazi pembeni bila kugusa ile kuu, yatakuja. Na huyo dogo nadhani alinaswa na Git: ukiandika git commit bila -m na maelezo yako, inakufungulia edita, na kwenye mashine nyingi ni Vim. Aandike git config --global core.editor nano, yaishe. Nano ni edita nyepesi, inakuonyesha njia ya kutokea hapo hapo chini ya skrini.

Kipanga_Tabata: Git yenyewe Linus Torvalds, yule wa Linux, aliitengeneza 2005 kwa ajili ya maelfu ya watu wanaoiandika hiyo Linux, siyo kwa mtoto anayejifunza kujumlisha. Na hiyo Vim ukiifungua tupu inakuomba michango ya watoto maskini wa Uganda. Programu au bakuli la ombaomba?

Masaka_Kwetu: Hapo umevuka mpaka ndugu. Michango hiyo ni ya Kibaale, huku kwetu kusini mwa Uganda, kituo cha watoto kipo kweli. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeandika Vim, alikwenda kujitolea pale miaka ya 90, Ukimwi ukiwa umeacha yatima kila kijiji. Programu yake ni ya bure, akasema anayependa achangie watoto. Amefariki 2023. Bakuli liko wapi?

Bwana_Esc: Vim ni ya miaka ya 70, mzee gani huyo?

Masaka_Kwetu: Ya miaka ya 70 ni vi, edita ya Bill Joy ambayo Vim imeiga na kuiboresha. Vim imetoka 1991. Unafukuza watu kwenye fani na hata hilo hulijui?

Kipanga_Tabata: Sijamtukana marehemu. Nauliza, kwa nini mtu wa seva huko Ujerumani aijue Uganda kwa neno "maskini" akifungua Vim tupu?

Masaka_Kwetu: Kuna waliolipiwa ada kwa neno hilo hilo. Wewe umechangia nini?

Kipanga_Tabata: Harusi mbili mwezi huu, na moja simjui bwana harusi.

BodaMsomi: Lakini kadi haikuandikwa "saidieni maharusi maskini wa Kimara." Hapo Kipanga ana hoja, Masaka mjibu.

Mama_Seva: Kuna aliyemwambia dogo kuhusu nano?

Masaka_Kwetu: Dada, subiri kidogo, namjibu huyu.