Ushauri: mirathi ya mvuvi wa Kirumba, tuanzie mahakama ipi?

Dada_wa_Mjane: Habari zenu wakuu. Shemeji yangu amefariki hospitali ya Bugando, Mwanza, mwezi uliopita. Muislamu, hakuacha wasia, aliishi Kirumba. Ana nyumba yenye hati Nyakato, mitumbwi miwili ya injini pale Mwaloni na akaunti benki. Ameacha mke, wavulana wawili na binti mmoja. Mdogo wa marehemu anataka kuuza mtumbwi mmoja alipe madeni ya msiba. Wakili ni lazima?

Karani_Mstaafu: Poleni sana. Mzuieni huyo mdogo mtu leo, kwa lugha nzuri. Kabla mahakama haijateua msimamizi wa mirathi, hakuna mwenye mamlaka ya kuuza hata nyavu.

Mirathi ya Kiislamu inafunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa akiishi marehemu. Alikofia hakuhesabiki, na nyumba kuwa Nyakato hakubadilishi kitu. Mnahitaji cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo (kibali cha mazishi hakitoshi), muhtasari wa kikao cha ukoo na Fomu Na. 1, yaani maombi ya kuteuliwa msimamizi. Mjane awepo kikaoni na asaini. Mkimruka, mmefungua mlango wa pingamizi. Angalieni majina mapema: hati ikiwa na mawili na kitambulisho cha NIDA matatu, apeni kiapo cha majina kabla benki haijawarudisha.

Wakili si lazima. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, wanaelekeza na kusaidia kuandaa nyaraka bure, ila hawasimami mahakamani kwa niaba yenu.

Mwalo_Kwetu: Mitumbwi ndiyo inayoliwa kimyakimya, maana haina hati ukutani. Andikeni sasa hivi namba ya usajili ya kila chombo, namba iliyogongwa kwenye injini, idadi ya nyavu na taa za dagaa. Kama inaendelea kwenda ziwani, daftari liwe na tarehe, mauzo, mafuta na posho ya wavuvi. Kinachobaki ni mali ya mirathi. Nahodha asimpe mtu mkononi bila sahihi.

Ustadh_Ilemela: Gharama za mazishi na madeni hutoka kwanza. Kinachobaki, mke 1/8 kwa kuwa kuna watoto, na mvulana hupata mara mbili ya msichana. Gaweni mafungu 40: mke 5, kila mvulana 14, binti 7. Wazazi wa marehemu wapo?

Dada_wa_Mjane: Baba alishafariki. Mama yake yupo Magu, nilimsahau.

Ustadh_Ilemela: Basi hesabu yangu ya juu ifutwe. Mama ana 1/6. Mafungu ni 120: mama 20, mke 15, kila mvulana 34, binti 17. Naye aitwe kikaoni.

Karani_Mstaafu: Na aandikwe kwenye Fomu Na. 1 kama mrithi. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne kurudisha Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni, na Fomu Na. 6, hesabu za ugawaji. Wengi hupokea barua ya uteuzi wakadhani wamekabidhiwa mali. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, na mahakama inaweza kuwaondoa. Muda usipotosha, aombe kuongezewa kabla haujaisha.

Nyumba ina hatua mbili: msimamizi aandikishwe kwanza kwa Msajili wa Hati badala ya marehemu, akionesha barua ya uteuzi, ndipo ahamishe kwa warithi. Kama mna watoto chini ya miaka 18, semeni hapa kabla hamjagusa hati.

Dada_wa_Mjane: Binti ana miaka 11. Tunaanza na cheti cha kifo Jumatatu.