Kucha imeng'oka baada ya kushuka Mweka, na mwakani nataka kilomita 42

MamaTabata

Habari za jioni wakuu. Nina miaka 38, naishi Tabata, mbio nilianza 2022 kwa kuzunguka mtaani alfajiri kabla watoto hawajaamka. Februari nilikimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, pale Moshi. Kupanda kuelekea Mweka pumzi ilinitosha kabisa. Mambo yaliharibika kwenye kushuka: kila hatua kidole gumba cha mguu wa kulia kinagonga mbele ya raba. Nilipovua kwa wifi yangu, kucha ilikuwa ya zambarau. Baada ya wiki ikawa nyeusi tii, na mwezi wa tano ikang'oka yenyewe nikiwa naoga.

Mguu wa kushoto kucha ni nzima, ila nyuma ya kisigino lilitoka lengelenge kubwa kama sarafu ya mia mbili. Nililitumbua kwa pini, nikachuna ngozi yote. Siku ya tatu likatunga usaha, nikaandikiwa dawa za siku saba. Wiki mbili nilichechemea, na kuchechemea kule kukanizalia maumivu ya goti la kulia ambalo halijawahi kuniuma maishani.

Raba ni za mtumba, nilizichukua soko la Karume, namba 39, nilizijaribu asubuhi zikanikaa sawasawa. Soksi zangu ni za pamba. Mwakani nataka 42 na sitaki kurudia mateso haya. Nianzie wapi?

MzeeWaLami

Pole sana mwanangu. Mbio za Moshi nimezikimbia mara tisa, na nimefundisha vijana wengi kuzikimbia. Kabla hujanunua chochote, soma miguu yako. Mahali jeraha lilipo ndipo kosa lilipo. Kucha ikifa, kidole hakina nafasi. Lengelenge likitoka nyuma ya kisigino, kisigino kinapanda na kushuka ndani ya kiatu. Wewe una yote mawili, moja kila mguu, na viatu ni pea moja. Hilo limenishtua kidogo.

Fanya hivi leo jioni, usisubiri kesho asubuhi, maana mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na kwenye mbio huvimba zaidi. Tandika karatasi sakafuni, simama kwa uzito wako wote, mtu akuchoree miguu yote miwili kwa kalamu iliyosimama wima. Pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu kuliko vyote. Utuletee majibu hapa.

Kuhusu kamba. Tazama raba yako, juu kabisa karibu na kifundo kuna tundu la ziada ambalo wengi wanaliacha wazi. Pitisha kamba kwenye tundu hilo upande uleule, isivuke ng'ambo, ubakize kitanzi kidogo. Upande wa pili vilevile. Sasa vusha kila kamba iingie kwenye kitanzi cha upande mwingine, vuta kuelekea chini, ndipo ufunge. Kisigino kinashikwa, na ukishuka mguu hautelezi kwenda mbele. Lakini kama kiatu chenyewe ni kifupi, kamba haitakusaidia.

Soksi za pamba ziache. Zinanyonya jasho na kukaa nalo, na ngozi iliyolowa inachubuka upesi. Tafuta za nailoni au poliesta zisizo na mshono mnene vidoleni. Paka mafuta ya mgando panaposuguliwa kabla ya kuvaa. Na hapa Dar au kule Moshi, ukijimwagia maji kichwani inama mbele, yasikushukie miguuni. Nimeona watu wakiharibikiwa kilomita ya 30 kwa sababu ya maji ya kilomita ya 10.

Kijana_Kiboriloni

Mzee shikamoo. Mbona Abebe Bikila, yule Mwethiopia, alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma 1960 akiwa peku? Labda raba ndizo zinazotuharibu.

MzeeWaLami

Marahaba. Ni kweli alishinda peku. Na mwaka 1964, Tokyo, alishinda tena akiwa amevaa viatu. Nyayo zake zilikomazwa na miaka ya kukanyaga ardhi. Aliyevaa viatu tangu chekechea hawezi kuvivua leo akakimbie kwenye lami, mifupa ya unyayo inaweza kupasuka. Ukitaka, anza kwa kutembea peku kwenye majani, dakika chache, kwa miezi.

NesiWaZamu

Dada MamaTabata, nakuomba kwa moyo wote, usichune tena ngozi ya lengelenge. Ile ngozi ndiyo bandeji bora uliyo nayo. Likiwa dogo na haliumi, lifunike tu. Likiwa kubwa na linakuzuia kutembea, osha mikono na eneo kwa sabuni, tumia sindano mpya ya duka la dawa, toboa pembeni upande wa chini, kamua taratibu kwa shashi safi, acha ngozi ilale mahali pake, funika. Ukiona wekundu unatambaa, joto, usaha au homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Mwenye kisukari asijitoboe kabisa. Na chanjo ya pepopunda uhakikishe unayo.

Hilo la goti nalo lina maana. Mguu ukikwepa maumivu, kiungo kingine kinabeba mzigo kisichouzoea. Bora ukose mazoezi siku tatu lengelenge lipone kuliko kukimbia ukichechemea. Na maumivu ya mguuni yakiwa sehemu moja tu juu ya mfupa, ukibonyeza unaruka, usiku yanakuamsha, acha kukimbia ukapimwe. Mfupa ulioanza kupasuka unaweza usionekane kwenye picha ya kwanza, kwa hiyo usije ukarudi barabarani kwa sababu tu picha ilikuwa safi.

MamaTabata

Asanteni sana, na shikamoo mzee. Binti yangu amenichora jana saa mbili usiku. Kushoto sentimita 24.3, kulia 25.1. Tumerudia mara tatu kwa karatasi mpya. Miaka yote nimekuwa nikijaribu kiatu cha kushoto tu.

MzeeWaLami

Marahaba. Basi nunua kwa kipimo cha kulia, ubakize upana wa kidole gumba cha mkono mbele. Kushoto kitapwaya, na huko ndiko utakapofunga kile kitanzi.