Wageni wa ukoo wa Hay wanakuja Naivasha, hii habari ya Earl wa Erroll niwaelezeje nisiaibike?

Dereva_wa_Vasha
Wakuu habari za jioni. Mimi natembeza watalii huku Naivasha, kawaida ni Hell's Gate, boti ziwani, viboko, basi. Sasa kuna kampuni imenipa kundi la wazee kutoka Uskoti, wanane, wengi jina lao la ukoo ni Hay, hawana haja na viboko kabisa, wanataka siku nzima ya Lord Erroll, yule mzungu aliyepigwa risasi Karen wakati wa vita vya pili. Stori ya mauaji naijua, kila mtu huku anaijua na kila mtu ana muuaji wake. Shida ni mmoja wao ameshaniandikia swali, anasema Erroll alipokufa cheo kilienda kwa binti na hapohapo mdogo wake Erroll naye akawa Lord, inakuwaje mtu mmoja anakufa wanatoka malord wawili?? Nadhani ananipima tu maana jibu lazima analo. Nishaurini, nianzie wapi na nisiguse nini.

Nasra_Mvita
Kaka jibu la swali lako ni fupi. Jamaa alikuwa na vyeo viwili na kila cheo kina hati yake. Hati ndiyo inasema nani anarithi. Uearl wa Erroll ni wa Uskoti, wa kale, unaweza kushikwa na mwanamke. Ubaron wa Kilmarnock ulitolewa 1831 na unafuata wanaume tu. Josslyn Hay, ndiye huyo Lord Erroll wako, hakuwa na mtoto wa kiume, alikuwa na Diana peke yake, kwa hiyo Januari 1941 Diana akawa Countess (yaani earl wa kike) wa Erroll, wa 23 kwenye orodha, na Gilbert mdogo wa marehemu akawa Baron Kilmarnock. Vyeo vikaachana hapo na mpaka leo viko nyumba mbili.

Dereva_wa_Vasha
Dada asante sana, hiyo nimeielewa. Huyo Diana alikuwa hapa Kenya?

Nasra_Mvita
Alizaliwa Kenya Januari 1926 lakini wazazi walipoachana akalelewa Uingereza na ndugu. Baba anauawa yeye ndio kwanza ametimiza miaka 15.

Mzee Kipanga
Kijana, usianze na 1941, hao wazee watakuona umeanzia mwisho. Anza na 1314. Mfalme Robert the Bruce alimpa Sir Gilbert Hay ukonstebo mkuu wa Uskoti uwe wa kurithi, yaani mkuu wa ulinzi wa mfalme na amiri wa majeshi, na ukoo ule unao hadi leo. Hicho ndicho wanachojivunia kuliko hata uearl wenyewe. Uearl ulikuja baadaye, mfalme James wa Pili ndiye alimpa William Hay. Utakuta wengine wanaandika 1452 na wengine 1453, usibishane, ni Machi ileile, zamani mwaka wa Uskoti ulikuwa unaanza tarehe 25 Machi.
Halafu kuna ile ya mkulima wa Luncarty. Wanasema Wadeni walivamia, jeshi la Uskoti likakimbia, mkulima mmoja na wanawe wakang'oa nira ya ng'ombe wakawazuia barabarani kwa kupiga nayo, mfalme akamwambia rusha kipanga, ardhi yote atakayopita juu yake ni yako. Ndiyo maana kwenye nembo yao kuna wanaume wawili wamebeba nira begani. (Na jina langu humu pia lisikuchanganye, mimi sina hata eka.)

Kalamu Butu
Mzee wangu kwa heshima zote, hiyo ya kipanga ni ngano. Kina Hay walikuwa Wanormani, watu wenye asili ya Normandy Ufaransa, kama makabaila wengi wa Uskoti, de la Haye, walikuja na kazi ya kumhudumia mfalme na wakapewa ardhi ya Erroll, kule kati ya Perth na Dundee, karne ya 12. Mkulima hayupo popote kwenye hati. Ila dereva isimulie tu, watacheka, sema "ukoo unasimulia kwamba" usiseme "ilitokea".

Mzee Kipanga
Nimesema "wanasema". Soma vizuri kijana.

Mbeba_Mabox_Aberdeen
Niko huku Aberdeen, kasri lao Slains liko kaskazini kidogo, Cruden Bay, nimefika. Ni gofu, halina paa, limesimama ukingoni mwa jabali, chini ni bahari ya kaskazini inapiga na upepo unakusukuma unarudi nyuma, ukuta wa mawe mekundu madirisha matupu unaona mawingu kupitia chumba cha kulala cha watu. Slains hii ni ya pili. Ile ya kwanza mfalme James wa Sita aliilipua 1594 kwa sababu Earl wa 9, Francis, alikuwa Mkatoliki na aliungana na Earl wa Huntly kuasi. Hii ya pili babu yake Josslyn aliiuza 1916 na paa likatolewa 1925. Sasa cheki, Josslyn anakuja Kenya 1924 na mkewe Idina, wanapata shamba chini ya Aberdare na nyumba wanaiita Slains! Kasri limeuzwa wao wanabeba jina. 1928 baba yake anakufa anakuwa Earl wa 22, anarithi ukonstebo na uearl, kasri hakuna ardhi ya ukoo hakuna. Mimi ningewaelezea hiyo kuliko yale mambo ya Happy Valley, lile kundi la walowezi wa starehe, nani alilala na nani.

Shosti wa Nakuru
Happy Valley ndiyo tamu jamani, mnamnyima mwenzenu tips 😂

Dereva_wa_Vasha
😂😂 tips nazitaka. Lakini bado sijaelewa, huu uearl ulianzaje kuruhusu wanawake, na hao Kilmarnock wameingilia wapi?

Nasra_Mvita
Hapo ndipo patamu, nitaandika ndefu mnisamehe. Earl wa 11, naye aliitwa Gilbert, hakuwa na mtoto. 1666 akarudisha cheo kwa mfalme Charles wa Pili kisha akapewa upya kwa hati mpya yenye ruhusa ya kuteua watakaofuata, sheria ya Uskoti iliruhusu hivyo wakati ule, Uingereza huwezi. Akafa 1674 kikaenda kwa binamu wa mbali. Aliyefaidika na uamuzi ule baadaye ni Mary, kaka yake alikufa 1717 bila mke, dada akawa Countess kwa haki yake mwenyewe, na huyo mama alikuwa upande wa kina Stuart, ukoo wa kifalme ulioondolewa madarakani, waziwazi. Naye hakuzaa. Sasa mdogo wake alikuwa na binti, Anne, na Anne akaolewa na William Boyd, Earl wa Kilmarnock. 1746 Boyd akapigana vita vya Culloden upande wa Stuart, wakashindwa, akakamatwa, akakatwa kichwa London tarehe 18 Agosti, cheo cha Kilmarnock kikafutwa na serikali. Mwanawe James alikuwa Culloden hiyohiyo, ila upande wa serikali! Baba huku mtoto kule. Bibi Mary alipofariki 1758 huyo James ndiye aliyerithi Erroll kupitia mama yake, akaacha jina la Boyd akaitwa Hay. Kwa hiyo Josslyn wenu wa Naivasha kwa baba ni damu ya Boyd. Na ule ubaron wa 1831 walichukua jina la Kilmarnock kulifufua, mfalme William wa Nne alimpa Earl wa 18 ambaye alikuwa mkwe wake, ameoa binti yake wa nje ya ndoa. Gilbert alipopata ubaron 1941 akabadili jina tena kuwa Boyd. Mwambie huyo mzee hilo la mwisho, kama anakupima atanyamaza.

Kalamu Butu
Nasra umemaliza. Nyongeza moja: mtoto wa Diana, Merlin, alirithi 1978 ni Earl wa 24, na sheria ya 1999 ilipowatoa wengi wa kurithi bungeni kwao yeye alikuwa kati ya waliochaguliwa kubaki.

Wa_Kiambu_Damu
Na mimi niseme moja ambalo naona mnalikwepa. Huyu Erroll alijiunga na chama cha mafashisti wa Uingereza 1934, halafu 1939 akawa mjumbe wa baraza la kutunga sheria akiwakilisha KIAMBU. Kiambu yenye watu wangapi waliompigia kura? Walowezi tu. Mwafrika wa kwanza kukaa kwenye baraza lile ni Eliud Mathu 1944 na aliteuliwa. Cucu (bibi) yangu alikuwa hai wakati huo na hakuna aliyemuuliza. Dereva usiwapakie wageni sukari, waambie pia hilo.

Shosti wa Nakuru
Watakasirika wasimpe kitu

Wa_Kiambu_Damu
Watu wazima hao. Ukilisema kwa adabu na kwa tarehe hawakasiriki, wanakasirika ukiwahutubia.

Mzee Kipanga
Naungana na wa Kiambu. Kuhusu muuaji, usimtaje yeyote kana kwamba una uhakika. Sir Jock Delves Broughton alishtakiwa na mahakama ya Nairobi ikamwachia Julai 1941, ishia hapo. Wakikubana waulize wao wanamshuku nani, wataongea mpaka Gilgil.

Dereva_wa_Vasha
Wakuu nimepata zaidi ya nilichoomba. Ratiba nafikiria tuanze pale njia panda Karen, kisha kaburini Kiambu, St Paul's, alizikwa pembeni ya mke wake wa pili, halafu tushuke Vasha tumalizie Oserian kwenye lile jumba lao jeupe la ziwani, Djinn Palace. Siku ni Jumapili.

Wa_Kiambu_Damu
Jumapili asubuhi kanisani kuna ibada bro, huwezi kuingiza wazungu wanane na kamera katikati ya maombi. Pigia ofisi ya kanisa wiki hii, uende saa nane mchana.

Nasra_Mvita
Na Oserian ni mali ya watu, omba ruhusa kwa maandishi kabla hujawaahidi. Ukifika Kiambu saa nane Vasha utaingia giza, geuza ratiba, wahamishie Jumatatu.