Naomba ushauri: safari fupi ya Rameswaram nikiwa na mzee

MtotoWaMwalimu:
Assalaam aleikum na habari zenu ndugu wanajukwaa. Niko Chennai, India, pamoja na baba yangu, mwalimu mstaafu wa fizikia mwenye umri wa miaka 71, na tumebakiwa na muda kabla ya kurudi Tanga. Ninapanga safari fupi ya kwenda Rameswaram, mji wa hekalu ulio kisiwani kusini kabisa, karibu na Sri Lanka. Mzee amekuwa akiutaja mji huo tangu tukiwa wadogo, kwa sababu ndiko alikozaliwa A.P.J. Abdul Kalam mwaka 1931, mtoto wa mwenye mashua ambaye aliwahi kuuza magazeti, akawa mhandisi wa roketi na baadaye Rais wa India kuanzia 2002 hadi 2007. Amezikwa hukohuko, na kumbukumbu yake ilifunguliwa Julai 2017. Naomba kujua kama treni ya usiku kutoka stesheni ya Egmore inamfaa mtu mzima, kama asiye Mhindu huruhusiwa kuingia hekaluni, na kama siku mbili zinatosha. Naomba mnijibu mapema, kwa sababu jambo hili linaninyima usingizi.

AliyesomaMadurai:
Waaleikum salaam. Nilisoma Madurai, kilomita 170 hivi kutoka huko, na Rameswaram nilikwenda kila nilipopata nafasi. Hekalu la Ramanathaswamy lina korido ndefu zenye nguzo pande zote mbili, nguzo zaidi ya 1,200 katika korido ya nje peke yake, na ukisimama mwanzoni huoni mwisho wake vizuri. Wageni wasio Wahindu huachwa watembee kwenye korido, lakini hawaingii patakatifu pa ndani. Simu hairuhusiwi, viatu vinaachwa nje, na mchana hufungwa kwa saa chache, kwa hiyo nendeni asubuhi. Ndani kuna visima 22, na mahujaji huenda kisima baada ya kisima wakimwagiwa maji kwa ndoo hadi nguo zinawaganda mwilini. Sakafu inakuwa imelowa muda wote, basi mzee ashikwe mkono. Siku ya pili nendeni Dhanushkodi, kwenye ncha ya kisiwa, mtaona magofu ya kanisa na stesheni. Mji huo ulifagiliwa na kimbunga usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 Desemba 1964, pamoja na treni iliyokuwa na abiria zaidi ya 100, na serikali ikatangaza kwamba haufai tena kukaliwa.

UstadhWaMtaa:
Ndugu yangu, mimi nitakwambia kile ambacho wengine watakwepa. Mzee wa Kiislamu mwenye miaka 71 anapaswa kufikiria safari ya Makka, si mji ambao watu huenda kuoga kwa ajili ya miungu. Heshima ya mzazi ni pamoja na kumkumbusha.

AliyesomaMadurai:
Ustadh, kwa heshima, baba yake Kalam alikuwa imamu wa msikiti wa Rameswaram, na mashua yake ndiyo iliyokuwa ikiwavusha mahujaji wa Kihindu kati ya Rameswaram na Dhanushkodi. Rafiki yake mkubwa alikuwa kuhani wa hekalu lile. Msikiti upo na Waislamu wapo, na mzee atapata mahali pa kuswali bila shida yoyote.

MamaWauguzi:
Mwanangu, nimesoma maneno yako zaidi ya mara moja. Umesema mmebakiwa na muda, lakini hukusema muda wa nini. Mtanzania mwenye miaka 71 hakai Chennai wiki kadhaa kwa kutalii. Mzee anaumwa nini?

MtotoWaMwalimu:
Shikamoo mama. Tulikuja kwa uchunguzi wa afya na mambo yamekwenda vizuri, alhamdulillahi. Anatembea mwenyewe, anakula na anasoma magazeti. Swali langu hasa ni la treni, kwa sababu tiketi nimekwisha kukata na chumba nimekwisha kulipia.

MamaWauguzi:
Marahaba. Uchunguzi hauna "yamekwenda vizuri", una majibu. Amefanyiwa nini, na lini?

MtotoWaMwalimu:
Amefanyiwa upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo na sasa yuko wiki ya tatu. Sikuandika mapema kwa sababu nilijua mazungumzo yote yangehamia huko. Naomba mnielewe. Aliruhusiwa kutoka wodini, kidonda kimekauka, na daktari mwenyewe alisisitiza atembee kila siku. Nimechagua treni ya usiku makusudi ili alale njia nzima. Mzee huyu hajawahi kuniomba kitu kwa ajili yake mwenyewe, na nikimrudisha Tanga bila kufika, sidhani kama tutapata tena nauli ya kuja India. Kalam alipozuru Tanzania mwaka 2004, watoto wetu wenye maradhi ya moyo walipelekwa Hyderabad baada ya ziara ile wakafanyiwa upasuaji. Baba aliikata habari hiyo gazetini akaibandika ndani ya kabati la vitabu. Leo na yeye amepasuliwa moyo katika nchi ya mtu huyo. Nikimwambia turudi nyumbani tu, nitamwambiaje?

Mzalendo255:
Mimi ninauliza jambo jingine. Tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na upasuaji huu unafanyika hapo tangu miaka iliyopita. Shemeji yangu alipasuliwa hapo, leo analima. Kwa nini familia zinauza viwanja kufuata India huduma iliyopo Dar es Salaam?

MtotoWaMwalimu:
Kaka, uamuzi huo ulikuwa wa kikao cha ukoo, na ndugu aliyegharimia ndiye aliyechagua hospitali. Hilo limepita, naomba turudi kwenye safari.

DadaWaPangani:
Pole sana kwa mzee. Mimi nilimuuguza mama yangu India, na kilichotutesa kilikuwa tiketi kuliko maradhi. Tiketi yetu ya treni iliandikwa RAC, nami nikadhani ni aina ya daraja. Kumbe maana yake unaruhusiwa kupanda, lakini kitanda kimoja cha pembeni mnapewa watu wawili mkikalie, mpaka abiria mwingine aghairi safari. Mama alikaa usiku kucha magoti yamekunjwa, na mtu asiyemjua amekaa mbele yake. Angalia tiketi zako zimeandikwaje.

MtotoWaMwalimu:
Zimeandikwa RAC. Wakala aliniambia kwamba hadi siku ya safari zitakuwa zimethibitishwa.

Mchunguzi_Huru:
Samahani, lakini mimi siiamini hadithi hii. Mgonjwa wa moyo, mwalimu wa fizikia, rais mwanasayansi aliyewasaidia watoto wa moyo, gazeti ndani ya kabati: kila kitu kimekaa mahali pake mno. Tena reli ya daraja la Pamban, linalounganisha kisiwa hicho na bara, ilifungwa Desemba 2022 kwa sababu daraja lilichakaa, na jamaa yangu aliteremshwa bara akamalizia kwa basi. Sasa hiyo tiketi ya treni hadi Rameswaram imetoka wapi? Tumekwisha kuona nyuzi za namna hii. Kwanza unaombwa ushauri, watu wanaingiwa na huruma, na baada ya siku mbili inawekwa namba ya simu ya kuchangia. Wasimamizi waufunge uzi huu hadi mhusika athibitishe.

Mzalendo255:
Hata mimi nilijiuliza. Mtu ambaye baba yake ametoka kupasuliwa anapata wapi utulivu wa kuandika sentensi ndefu hivi?

AliyesomaMadurai:
Kuhusu treni, habari hiyo imepitwa na wakati. Daraja la zamani lilifunguliwa mwaka 1914 na ni kweli lilifungwa 2022, lakini daraja jipya lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2 lilizinduliwa Aprili 2025. Sehemu yake ya katikati hunyanyuliwa wima ili meli zipite. Treni zinafika Rameswaram kama zamani. Hoja nyingine sizijui, lakini hiyo ya reli iondoeni.

MtotoWaMwalimu:
Sijaomba hata shilingi, na sitaomba. Pasi ya baba yangu na karatasi zake za hospitali sitaziweka hapa ili nimridhishe mtu nisiyemjua. Mnauliza utulivu ninaupata wapi. Ninaandika usiku kwa sababu silali. Baba akikohoa hujikumbatia mto mdogo kifuani kwa mikono yote miwili, kama walivyomfundisha wodini, na mimi huamka kila akikohoa nihakikishe ameushika. Akitaka kuinuka kitandani haruhusiwi kujisukuma kwa mikono, basi hujiviringisha ubavu kwanza, akateremsha miguu, nami nikamtegemeza mgongoni. Yeyote aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa namna hii anajua kama ninasema kweli.

MamaWauguzi:
Anasema kweli. Mto ule ni wa kuzuia mfupa wa kifua usitikisike, na anayetunga hadithi hakumbuki kujiviringisha ubavu. Basi tuache kumhoji, nami nimjibu. Mwanangu, mfupa huo uliokatwa huchukua kati ya wiki 6 na 12 kuunga. Umesema usiku unahitaji kumtegemeza ili ainuke. Ndani ya treni itakayosafiri zaidi ya kilomita 550, akitaka kwenda msalani saa nane za usiku behewa likiyumba, atashika nini ila chuma, kwa mikono ileile asiyoruhusiwa kujisukumia? Na kama ni RAC atakaa amekunja miguu usiku mzima, na damu huganda miguuni kwa mkao huo, hasa kwa mtu aliyetoka kupasuliwa. Akizidiwa kisiwani, wataalamu wa moyo mtawafuata Madurai. Lakini haya yote yana mtu wa kuyaamua, naye si mimi. Daktari aliyempasua umemuuliza?

MtotoWaMwalimu:
Bado.

MamaWauguzi:
Kwa nini?

MtotoWaMwalimu:
Kwa sababu atakataa, na akikataa itabidi mimi ndiye nimwambie baba.

AliyesomaMadurai:
Kaka, kuna njia ya katikati. Mahabalipuram iko kilomita zisizofika 60 kusini ya Chennai, kwa barabara nzuri ya pwani, unakwenda kwa teksi na kurudi siku hiyohiyo. Nao ni mji wa mahekalu kando ya bahari, urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1984. Hekalu la ufukweni lilijengwa na wafalme wa Pallava mwanzoni mwa karne ya 8, na karibu yake yapo matano yaliyochongwa kila moja kutoka mwamba mzima. Mkifika mtasikia patasi pande zote, kwa kuwa wachonga mawe bado wanafanya kazi kando ya njia. Halafu kuna jiwe la mviringo linalokadiriwa kuwa na tani 250, limekaa kwenye mteremko laini kabisa na haliporomoki. Mwalimu wa fizikia atakaa hapo akieleza msuguano na kitovu cha uzito mpaka umsihi mwondoke. Rameswaram iacheni hadi mfupa uunge, kisha mwende kwa ndege hadi Madurai na kumalizia kwa gari, mkisimama njiani.

DadaWaPangani:
Na pale Mahabalipuram asiingie baharini hata kwa kulowesha miguu, kwa sababu mkondo wake ni mkali. Mbebee kofia na maji, kivuli ni kidogo.

MtotoWaMwalimu:
Nimepiga simu hospitali leo asubuhi. Daktari amesema Rameswaram haiwezekani kabla ya vipimo vijavyo, na treni ya usiku hataki hata kuisikia. Mahabalipuram ameiruhusu baada ya wiki moja, kwa gari, kwa sharti la kusimama kila saa moja ili anyooshe miguu, na mto ule akae nao kati ya kifua na mkanda wa gari. Nilipomwambia baba alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza mteremko wa jiwe hilo ni nyuzi ngapi. Chumba cha Rameswaram sijakifuta, nimeomba kisogezwe mbele hadi baada ya vipimo, na katika hilo naomba msinishauri vinginevyo. Je, fedha za tiketi za RAC hurudishwa?

DadaWaPangani:
Hurudishwa kwa makato madogo, ilimradi ughairi zaidi ya nusu saa kabla treni haijaondoka. Usimwachie wakala. Mwombe akughairishie ukiwa umesimama hapo dukani, na usiondoke mpaka umeona ujumbe umeingia kwenye simu yako.