Chipu imetiwa baada ya chanjo: Mabuyu atasafiri kweli?

UmmuMabuyu (Kibokoni)
Asalaam aleikum. Nina paka, dume, rangi ya machungwa, jina lake Mabuyu. Nilimwokota kwenye ngazi za nyumba yetu macho hajayafumbua vizuri, leo ana miaka mitatu na kibaraza chote ni chake, wageni huomba nafasi. Mume wangu yuko Hamburg. Viza yangu imetoka, tiketi ni ya tarehe 14 Machi kwa sababu mwenzangu anataka tule Idd pamoja. Mabuyu nimemlipia aingie nami ndani ya ndege, na sharti ni kilo 8, yeye na mkoba wake. Peke yake ana 6 na kitu. Tumeshaanza kumpunguzia samaki na nyumba haina amani.

Sasa shida. Tarehe 9 Januari nilimpeleka akachanjwa kichaa cha mbwa. Nikauliza chipu, ile ndogo yenye namba inayotiwa chini ya ngozi, nikaambiwa zimekwisha, zinatoka Nairobi, rudi wiki ijayo, haidhuru. Wiki ikawa mbili, chipu akatiwa tarehe 23. Kitabu chake ni kizuri: stika ya chanjo ipo, muhuri upo, namba 15 za chipu zipo. Jana nampigia bwana mmoja anayesafirisha wanyama, ananisomea tarehe zangu mwenyewe kisha ananiambia chanjo hiyo haihesabiki, nianze upya, halafu damu ipelekwe ng'ambo, halafu tungoje miezi. Huyu anataka pesa zangu au asema kweli? Na hiyo damu ni ya paka pia? Ugonjwa wenyewe si waitwa kichaa cha MBWA?

BarakaFeri
Dada, huku Likoni tuna paka hata feri hawajavuka, wako anakwenda Ulaya 😂 Mwambie daktari aandike chipu ilitiwa tarehe 8. Kalamu ni ile ile.

DaktariMstaafu
Baraka, hapana. Wakigundua uwanjani, sheria ya Ulaya inawaruhusu kumrudisha mnyama alikotoka, au kumtenga kwa gharama ya mwenyewe, na yote yakishindikana, kumuua. Wewe utakuwa Likoni unakula mihogo.

UmmuMabuyu, mwanangu, huyo bwana amekwambia kweli. Ukitaka kujua kwa nini, jiweke mahali pa askari wa forodha kule. Mbele yake kuna kitabu na paka. Paka wa rangi ya machungwa wako wengi, kinachomfunga huyu na kitabu hiki ni ile namba. Kama sindano ilidungwa kabla ya namba kuwepo mwilini, nani atathibitisha aliyedungwa ni yeye? Kwa hiyo chipu hutangulia. Hata siku ile ile inafaa, mradi chipu itiwe na isomwe kwanza, ndipo sindano.

Kwa paka na mbwa ni mamoja, na fereti pia, yule mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, kama unaye. Virusi havisomi jina la ugonjwa. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unaziondolea kipimo cha damu. Hivyo: achanjwe tena sasa. Siku 30 zikipita, au zaidi, achukuliwe damu. Hiyo hupelekwa maabara iliyoidhinishwa na Ulaya kupima kingamwili, na kiwango kisipungue IU (kipimo cha kimataifa) 0.5 kwa mililita. Kisha miezi mitatu, na huhesabiwa tangu siku damu ilipotolewa, si siku majibu yalipokuja. Watu wengi hukosea hapo na kungoja bure.

Miezi hiyo mitatu wengi huiona ni usumbufu tu. Mnyama anaweza kuwa aliumwa kabla ya chanjo, virusi vinapanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, na damu yake ikaonyesha kingamwili safi kabisa. Kinachomfichua ni muda.

Tarehe 14 Machi msahau. Wewe nenda.

MtwapaHadiAtlanta
Mimi nilihamisha mbwa, si paka, na Marekani, si Ujerumani, kwa hiyo msichanganye. Kule tangu tarehe 1 Agosti 2024 mbwa anayetoka nchi yenye hatari kubwa ya kichaa, na Kenya imo, lazima awe ametimiza miezi 6, ana chipu, fomu ya chanjo imegongwa muhuri na daktari wa serikali, na nafasi imewekwa kwenye kituo maalumu cha kupokea mbwa kwenye uwanja atakaotua. Kipimo cha damu nacho, la sivyo karantini siku 28. Cha ajabu, serikali ile ile haidai chanjo ya kichaa kwa paka, ila jimbo au shirika la ndege laweza kuwa na lake. Mabuyu angekuwa na shemeji Atlanta angeshapanda ndege.

UmmuMabuyu (Kibokoni)
Daktari, ahsante, ingawa nimelia. Nimempigia mwenzangu, kanyamaza kidogo, kisha kauliza, "Paka au mimi?" Sikumjibu haraka na hilo limekuwa kesi.

Je, nimwachie mama, halafu ndugu yangu amlete mwezi wa sita? Yeye anakwenda kutembea.

DaktariMstaafu
Hapo pana mtego. Mtu mwingine anaweza kumsindikiza kwa idhini yako ya maandishi, lakini safari ya paka na safari yako zisiachane zaidi ya siku 5. Wewe uende Machi, paka aje Juni, hiyo si safari ya mnyama wa nyumbani tena, anahesabiwa kama bidhaa na masharti ni mengine. Njia safi ni urudi umchukue mwenyewe.

Akae na chanjo hai wakati wote. Ikipitwa hata siku moja, damu inaanza upya. Na cheti cha afya cha daktari wa serikali usikichukue mapema kwa furaha: kina siku 10 tangu kitolewe hadi mkaguliwe mnapoingia. Uliza ofisi ya mifugo sasa kama kitasainiwa hapa Mombasa au mpaka Kabete, usije ukaijua safari ya Nairobi wiki ya mwisho.

BarakaFeri
Nafuta ushauri wangu. Lakini shemeji ajibiwe.

UmmuMabuyu (Kibokoni)
Shemeji amejibiwa. Nimemwambia nakuja Machi, Juni narudi kumchukua mwanawe, na tiketi analipa yeye.

Leo tarehe 5 Februari Mabuyu amechanjwa tena, kwa daktari mwingine. Damu ni Jumatatu tarehe 9 Machi, siku tano kabla sijaondoka, nataka nimshike mwenyewe maana kwa mtu mwingine atauma. Kwa hiyo 9 Juni ndiyo siku yake. Mama kakubali kukaa naye ila kasema habari ya kupunguza samaki hataki kuisikia, kwa hiyo kilo 8 sijui.

Swali moja limebaki. Kabla ya sindano daktari alitaka kuisoma chipu, mashine ikatafuta shingoni, mabegani, kimya, nikatoka jasho. Ikalia chini kwenye bega la kushoto. Imehama, au alitiwa vibaya? Na kule Hamburg watapitisha mashine hadi hapo?

DaktariMstaafu
Huhama, ni kawaida. Waambie wapitishe mwili mzima, na mwandikie mama mahali ilipo kwenye karatasi ndani ya kitabu.