Mjadala: Kompyuta za skuli zetu zipigwe Debian, Ubuntu au Mint?

Mtoa mada, Chake Chake:

Assalamu alaykum. Nailetea hoja hii watu wa Unguja na Pemba wanaohusika na vyumba vya kompyuta vya skuli, walimu kwa mafundi.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kutoa viraka vya usalama vya bure kwa Windows 10 kama ilivyozoeleka. Windows 11 nayo haiingii popote. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Kompyuta ninazoletewa mimi kutoka skuli ni za mtumba, kizazi cha 4 au cha 6, RAM GB 4. Ni nzima, vioo safi, kibodi zote zinabonyezeka. Kuzitupa ni dhambi. Kuziacha na Windows 10 ya kukraki, na kila flashi ya mwanafunzi inaingia na virusi vyake, pia si sawa.

Kwamba tuhamie Linux, mfumo huru wa kuendeshea kompyuta unaokaa mahali pa Windows, naona wengi tumekubaliana. Ugomvi uko kwenye Linux ipi. Zinazotajwa ni tatu na ni ukoo mmoja. Mama yao ni Debian, aliyoianzisha Ian Murdock mwaka 1993. Ubuntu ilitoka humo mwaka 2004, chini ya kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Linux Mint ikaja 2006, imejengwa juu ya Ubuntu. Pakiti zao, yaani programu zilizofungwa tayari kupigwa, ni za aina moja, za .deb, na amri ni zile zile za apt, chombo cha kushusha na kupiga pakiti hizo.

Msimamo wangu ni kuwa skuli zote zichukue moja, na hiyo iwe Debian. Naanza na bando, maana hapo ndipo tunapoumia. DVD ya kwanza ya Debian ni kama GB 4, na ndani yake mna mfumo pamoja na programu za kutosha kupanga darasa zima bila ya intaneti. Unaishusha mara moja mahali penye mtandao mzuri, unaitia kwenye flashi, unapanda nayo gari mpaka Micheweni. Kisha kompyuta moja ya darasa unaitia apt-cacher-ng, programu ya kuweka akiba ya pakiti. Pakiti ikishashushwa na mashine moja, nyengine zote zinaichukua hapo hapo, bando halilipwi mara kumi.

Fundi, Darajani:

Waalaykumu salaam, Maalim. Hiyo apt-cacher-ng inafanya kazi na Ubuntu pia, na Mint pia. Kwa hiyo hoja ya bando haijaipa Debian kitu. Mimi napiga Ubuntu kwa wateja kwa sababu ukitafuta tatizo mtandaoni, majibu mengi utakayoyakuta yameandikwa kwa Ubuntu. Kijana anayejifunza ufundi anayafuata hatua kwa hatua. Na hiyo Debian yenu niliwahi kuipiga kwenye laptopu, Wi-Fi haikushika kabisa. Ikabidi nitafute faili la kadi ya Wi-Fi kwenye kompyuta nyengine. Sasa mwalimu wa Mkoani atalitafuta wapi?

Mtoa mada:

Bwana fundi, la Wi-Fi lilikuwa kweli kwa matoleo ya zamani. Debian ilikataa kuweka kwenye diski yake mafaili ambayo si huru, kama hayo ya kadi za Wi-Fi. Walipiga kura wakabadilisha, na tangu Debian 12, ya Juni 2023, mafaili hayo yamo ndani ya diski rasmi. Jaribu Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, kwenye laptopu ile ile.

Kuhusu akiba ya apt, hebu tuangalie Ubuntu kwa karibu. Firefox ya Ubuntu haiji kwa apt siku hizi, inakuja kwa snap, njia ya Canonical wenyewe ya kugawa programu. Snap inachukuliwa moja kwa moja kutoka duka la Canonical, na akiba yako ya apt haiioni. Kila kompyuta inakwenda kuitafuta peke yake, na kwa kawaida snap huangalia kama kuna kipya mara 4 kwa siku. Darasa la kompyuta 20 linalokula bando la simu ya mwalimu mkuu, fikiria mwenyewe.

Fundi, Darajani:

Snap inaondolewa. Dakika chache tu.

Mtoa mada:

Inaondolewa, ndiyo, na wewe unaijua. Lakini itaondolewa kwenye kila mashine, halafu tena kila skuli itakapopiga upya. Nani ataiondoa Makunduchi? Nani ataiondoa Kojani?

Mwalimu, Wete:

Naomba na mimi niseme, kaka zangu. Ukoo wa hizi Linux siujui sana, darasa nalijua. Watoto wameanza na Windows. Nimewekewa Mint kwenye kompyuta chache, na mtoto akikaa tu anaiona menyu kule chini kushoto, anaibonyeza, anaendelea. Hakuna aliyeniuliza iko wapi. Ubuntu ilivyo, na ule utepe wake wa pembeni, nilitumia kipindi kizima kuelezea namna ya kufungua programu. Mimi niko na Mint. Na kuna jambo hamjaligusa. Mtihani wa kidato cha nne unamuuliza mtoto Word, haumuulizi LibreOffice, programu ya ofisi tunayoitumia kwenye Linux.

Mtoa mada:

Bi Mwalimu, hilo la mtihani ni zito na linazigusa zote tatu sawasawa, kwa hiyo haliwezi kutuchagulia moja kati yao. Linalosaidia ni kwamba LibreOffice ina sura ya vichupo inayokaribia ile ya Word. Ingia View, kisha User Interface, chagua Tabbed. Na mfundishe mtoto kazi yenyewe, mitindo ya vichwa, majedwali, kuunganisha barua na orodha ya majina, ili akikuta Word atafute kitufe tu.

Kuhusu sura, Mint wameifanya kazi yao vizuri na nawaheshimu. Hata snap waliizuia tangu Mint 20, mwaka 2020. Lakini sura inapangika. Debian ukiipiga na Xfce, ile sura nyepesi ya dawati, mstari ukaushusha chini na menyu ukaiweka kushoto, mtoto wako hatapotea.

Mwanafunzi, Tunguu:

Shikamooni wakubwa zangu. Naongeza kitu ambacho naona watu wengi hawakijui. Ubuntu imeligawa ghala lake la pakiti. Kuna sehemu inaitwa main, ambayo Canonical wanaitilia viraka kwa miaka 5 katika matoleo ya LTS, yaani yale ya kutumika muda mrefu. Kuna sehemu nyengine kubwa zaidi inaitwa universe, na huko viraka vinategemea watu wa kujitolea, isipokuwa ujisajili na Ubuntu Pro, huduma ya Canonical ya viraka vya ziada. Pro ni bure kwa mtu binafsi, kwa mashine 5 tu. VLC iko universe. GIMP iko universe. GCompris, ile ya michezo ya kujifunzia ya watoto, iko universe. Mint inachota kwenye ghala hilo hilo. Debian haina mgao huo, kikosi chao cha usalama kinaangalia ghala lote kuu. Kwa skuli yenye kompyuta zaidi ya 5 naona hoja hii ni nzito kuliko bando.

Ila kwa Bi Mwalimu, kuna Mint ya aina ya pili, LMDE, iliyojengwa juu ya Debian moja kwa moja. Sura ni ile ile aliyoizoea.

Mtoa mada:

Ahsante sana, kijana. Hapo ndipo moyo wangu ulipo khasa. Debian haimilikiwi na kampuni. Hakuna mtu anayeweza kuamka asubuhi akaamua mashine ya sita ilipiwe. Skuli zetu zimeshazoea kupewa kitu bure kisha kikabadilishiwa masharti, na mimi sitaki tuwafundishe watoto kuishi hivyo.

LMDE siipingi. Wenyewe Mint wanasema wameiweka iwe akiba, siku Ubuntu ikipotea waweze kuendelea. Mimi nauliza, kwa nini tusubiri siku hiyo?

Fundi, Darajani:

Mimi nina swali la umeme. Kompyuta za mezani hazina betri. Unaapdeti, umeme unakatika katikati, ukirudi apt inagoma.

Mwanafunzi, Tunguu:

Fungua teminali, andika sudo dpkg --configure -a, subiri imalize, kisha sudo apt -f install. Mara nyingi inarudi. Na ni hivyo hivyo kwenye zote tatu. Kingine, Debian haibadilishi mambo makubwa ndani ya toleo moja, viraka ni vichache, kwa hiyo hata muda wa kukutwa na umeme ukikatika unapungua.

Fundi, Darajani:

Hapo sawa. Basi skuli ikiniletea, nitapiga Debian, na nitaijaribu kwenye ile laptopu kwanza. Mteja wa dukani nabaki naye kwenye Mint, maana yeye hana maabara wala akiba ya apt, anataka afungue tu. Na Ubuntu siitupi, vijana wangu wanajifunzia.

Mwalimu, Wete:

Mimi bado niko na Mint. Nipigieni hiyo LMDE kwenye kompyuta moja na Debian ya Xfce kwenye nyengine, niwakalishe watoto wa kidato cha kwanza, nione. Na printa yetu ni HP LaserJet P1102. Isipochapa, mitihani ya majaribio itachapwa wapi?

Mtoa mada:

Itachapa, Bi Mwalimu, ila printa hiyo inataka plagini ya HP juu ya pakiti ya hplip, ile inayoendesha printa za HP, na plagini hiyo inashushwa kwa intaneti, iwe Debian, Ubuntu au Mint. Nitaishusha huku Chake nije nayo kwenye flashi pamoja na hizo diski mbili. Wengine wenye printa, andikeni modeli hapa chini kabla sijaanza kupanga.