Maji ya ziwa yanachafuka mchana na mvua hamna, tope linatoka wapi?

bamia_rutamba
Wakuu habari, nina bustani ya bamia na nyanya huku Rutamba, Lindi, navuta maji ziwani kwa pampu. Toka kusi lianze kuvuma asubuhi maji yana afadhali ila ikifika saa nane mchana ni tope tupu, filta ya dripu inaziba fasta na mvua hamna hata tone. Jirani anasema kuna watu wanachimba ng'ambo. Kweli?

nahodha_mstaafu
Hamna anayechimba, upepo huo. Wimbi unaliona juu tu lakini chini yake maji yanazunguka, na huo mzunguko unashuka mpaka kama nusu ya urefu wa wimbi, yaani kilele hadi kilele. Mawimbi yanayopishana sekunde 2 yana mita 6 hivi, kwa hiyo yanagusa mita 3 chini. Tanganyika yenye kina cha mita 1,470 huko chini haisikii kitu, ila ziwa la mita mbili tatu linakwanguliwa sakafu yote. Hata Okeechobee kule Florida, ziwa kubwa kinoma, kina chake cha wastani hakifiki mita 3 na upepo ukikaza tope linapanda. Tena ukubwa ndo unazidisha, upepo ukipata uwazi mrefu wa kukimbilia wimbi linakua.

wa_kitere
Na kambale je? Wale wanafukua tope balaa

nahodha_mstaafu
Wanafukua pale walipo, sio ziwa zima kila siku saa nane 😂

bamia_rutamba
Sawa, mbona jioni upepo umetulia na maji bado machafu?

dada_mikindani
Kaka mchanga unazama ndani ya dakika chache, ila chembe za mfinyanzi zile laini kabisa zinashuka kama sentimita 30 kwa siku, kabla hazijafika chini kusi la kesho hilo limerudi. Vuta maji alfajiri, mdomo wa paipu ufunge kwenye dumu tupu lielee usikae karibu na tope, na ukiweza chota upande upepo unakotokea, huko mawimbi bado madogo. Matete msifyeke jamani, ndo yanavunja wimbi na mizizi inashika udongo.

bamia_rutamba
Duh, pampu yangu iko kaskazini na kusi lote linakuja kwangu, na matete tulishafyeka kupitisha mitumbwi. Kuhamisha paipu hela sina, naanza na dumu.